Kesi ya Bajaji na Mashabiki Waliogeuza Jezi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za mahakama kwa Rehema, mhudumu mpya. Nilizihesabu mbele yake mara moja, akataka kutia sahihi. Nikamwambia azihesabu tena.

"Mzee, si umeshazihesabu wewe mwenyewe sasa hivi?"

"Ndiyo maana nakwambia uzihesabu na wewe. Mimi naondoka, funguo zinabaki."

Alizihesabu tena, akacheka, kisha akaniomba niandike mambo ya kazi hii ili vijana wasiwe wanajifunza kwa kukosea mbele ya hakimu. Sasa nakaa nyumbani Unyambwa, alizeti imeshavunwa, sina kisingizio. Habari za kupandishwa daraja na za mshahara naziruka. Za kwanza ni fupi mno, na za pili mnazijua wenyewe.

Nilikuja mahakamani nikitokea stendi ya Singida mjini, nilikokuwa nauzia abiria vitunguu kupitia dirisha la basi. Ile nayo ni shule. Basi linaunguruma, kondakta anagonga bati, na wewe una muda mfupi wa kumsoma mtu usoni. Abiria anayesema "ghali sana" anataka kununua. Anayesema "vitunguu vizuri hivi" anakuaga. Miaka yote niliyofanya kazi mahakamani sikupata kanuni iliyonisaidia kuliko hiyo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Ntandu, mhudumu wa zamani, mrefu, asiyependa maneno. Sauti yake ilikuwa inatoka mlangoni tu, wakati wa kuita wenye mashauri. Akanipa jina la mtu, akaniambia niite. Nikaita. Veranda nzima ikageuka, na mama mmoja akauliza ni bei gani.

"Unauza vitunguu," akasema Mzee Ntandu. "Hapa huuzi kitu. Ita mara tatu, taratibu. Ya kwanza ni ya mwenye jina. Ya pili ni ya jirani yake, amguse kiwiko. Ya tatu ni ya Mheshimiwa, ajue tumeita."

Nimeita hivyo mpaka nilipostaafu. Nawaomba msiache.

Vifaa vilikuwa baiskeli ya serikali, mkoba wa turubai, na kalamu mbili, kwa kuwa moja lazima igome ukifika kwa mtu mwenye hasira. Kazi kubwa ilikuwa kupeleka samansi. Nyie mna pikipiki na mnawapigia watu simu kwanza, jambo ambalo naliona ni sawa na kumpigia kuku simu kwamba unakuja na kisu. Sisi tulikwenda kimyakimya. Hata hivyo vijiji vina macho. Ukishuka Ihanja barabarani na mkoba ule, mtu unayemtafuta ameshaenda mnadani, hata kama siku hiyo hakuna mnada.

Namkumbuka bwana mmoja wa Ihanja aliyekuwa na mashine ya kukamua alizeti. Nilifika nikamkuta amekaa mwenyewe mbele ya mashine, mafuta yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Nikamuuliza mwenye mashine yuko wapi.

"Amesafiri," akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mdogo wake."

"Vizuri. Basi nimuachie mwenyekiti wa kitongoji hii karatasi, na nimwambie mashine haina mwenyewe, mdogo mtu tu ndiye anaichezea."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Lete," akasema. "Lakini andika kwamba umenikuta nafanya kazi."

Nikaandika. Haikunigharimu kitu, na yeye ilimpa heshima. Kumbukeni hilo: mtu anayekataa samansi hakatai karatasi, anakataa kuonekana mdogo mbele ya majirani. Mpe kitu kingine cha kushika, atapokea.

Lakini kila ninapokaa kwenye kahawa, hakuna anayeniuliza habari za Ihanja. Wananiuliza kesi ya Bajaji. Basi niieleze kama ilivyokuwa, kwa sababu hata mimi sijamaliza kuishangaa.

Bajaji alikuwa kijana anaitwa Yona, winga wa chuo kimoja cha ufundi cha watu binafsi. Walimpa jina hilo kwa kuwa aliweza kugeuka mahali padogo ambapo beki, kama lori, anahitaji uwanja mzima. Chuo chenyewe kilikuwa na mashabiki wengi mjini, na wengi wao hawajawahi kuingia humo hata kwa kufagia. Walikuwa bodaboda, mama wauza mafuta, mafundi cherehani. Na walikuwa na desturi yao: mchezaji akicheza vizuri, mwisho wa mechi anatunzwa kuku. Kuku mzima, amefungwa miguu, anakabidhiwa pembeni ya uwanja mbele ya watu. Nimewahi kumwona Yona akitoka uwanjani na kuku wananing'inia mikono yote miwili, anamsalimia kila mtu kwa kichwa kwa sababu mkono hana.

Alipomaliza masomo akaenda Shelui, pale malori yanapolala, akafungua banda la kuziba pancha. Huku nyuma, msimu uliofuata, chuo kiliendelea kuwa na winga anayeitwa Yona. Namba ya jezi ileile, leseni ya mchezaji ileile. Sura tu ndiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Chuo kilikuwa kimeleta kijana kutoka mbali ambaye hajasoma hapo hata siku moja, kikamchezesha kwa jina la Yona. Watu wa mpira humwita mtu kama huyo mamluki. Mamluki akacheza fainali ya mkoa, akafunga goli, chuo kikabeba kombe. Mechi chache baadaye alikasirika, akampokonya refa filimbi, akaitupa nje ya uzio.

Chama cha mpira kikamfungia asicheze popote. Yaani kilimfungia Yona, kwa kuwa ndilo jina lililokuwa kwenye karatasi. Mamluki akapanda basi akaenda zake.

Yona akiwa Shelui hakuwa na habari. Timu ya pale ikamtaka, akaenda kujisajili, akaambiwa hawezi, amefungiwa kwa kutupa filimbi.

"Filimbi gani?" akauliza.

Alikwenda chuoni kuomba waandike barua kwamba siye yeye. Akaambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa hivyo hivyo. Hawakuweza kuandika. Wangekiri kwamba waliweka mamluki, na kombe lingeondoka. Basi Yona akakishtaki chuo chake. Hakudai fidia. Alitaka mahakama itamke kwamba aliyecheza mechi zile si yeye, na chuo kiamriwe kuliambia hivyo chama cha mpira. Alikuwa na haraka, na haraka yake niliielewa. Winga akikaa nje misimu miwili mitatu, akirudi anakuwa beki.

Samansi ya chuo niliipeleka mimi. Getini nilimkuta mlinzi, kijana mwenye bunduki ya gobori na jezi ya timu chini ya koti.

"Shikamoo mzee. Mkuu hayupo."

"Marahaba. Sijamuuliza Mkuu."

"Ndiyo, lakini hayupo."

"Basi nionyeshe gari lake hilo limekuja na nani."

Akalitazama gari kama vile nalo limemsaliti. Kisha akaona karatasi mkononi mwangu. "Nani anatushtaki?"

"Si wewe. Chuo."

"Chuo si ndiyo sisi? Nani?"

Nikamwambia. Aliishusha bunduki akaiegemeza ukutani, akakaa kwenye kiti chake. "Bajaji?" akasema. "Mimi nilimpa jogoo. Jogoo mwekundu, mzee. Mama yangu mpaka leo hanisemeshi kwa ajili ya yule jogoo."

Akafungua geti. Niliporudi mjini habari ilikuwa imenitangulia, na sijui ilipita njia gani, maana mimi nilipita ya mkato.

Hapo ndipo udadisi uliponishika. Mhudumu wa mahakama haruhusiwi kuwa na upande, na mimi sikuwa nao. Lakini masikio hayajazuiwa. Kijiweni kwa bodaboda walisema Yona hana shukrani. Kwa kinyozi walisema ametumwa na timu pinzani. Mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa ndevu akasema kijana angesubiri, kufungiwa si kufa. Kinyozi akamuuliza angesubiri mpaka lini. Mzee akajibu, "Mpaka tuchukue na la mwaka huu." Wachache, hasa akina mama wa sokoni, walisema jina la mtu ni la mtu, halikopeshwi. Wakaambiwa hawajui mpira.

Nilimuuliza dereva mmoja wa bodaboda ambaye hakukosa mechi hata moja. "Wewe uliiona sura ya aliyefunga goli la fainali?"

"Niliiona vizuri."

"Ilikuwa ya Yona?"

"Jezi ilikuwa ya Yona."

"Nimekuuliza sura."

"Mzee, uwanjani nani anaangalia sura?"

Kumbe wote walikuwa wanajua. Uwanja mzima ulijua siku ya kwanza ile mamluki alipoingia. Walikuwa hata wamempa jina lao, ambalo mimi wakati huo sikuwa nimelisikia. Walinyamaza pamoja bila mtu kuwaambia wanyamaze, na sasa mmoja waliyempenda alikuwa anawaomba wafungue mdomo. Hilo ndilo lililowauma. Walikuja mpaka ofisini kwetu, ujumbe wa watu saba, wakauliza kama wanaweza kujiunga kwenye kesi ili warudishiwe kuku zao. Karani akawauliza kama hao kuku bado wapo hai. Wakaondoka kwenda kushauriana.

Siku ya kusikilizwa nilifika mapema nikakuta veranda imegeuka uwanja. Watu wamevaa jezi za bluu, wana vuvuzela, wana ngoma moja, na mtu mmoja amepaka uso rangi. Mbele yao alisimama Mama Zuhura, kiongozi wa mashabiki, muuza mafuta ya alizeti, mama mnene wa sauti. Yeye huniita Baba Mahakama.

"Baba Mahakama, tunaingilia mlango gani? Na wao wanakaa upande gani?"

"Wao kina nani?"

"Timu ya Yona."

"Yona yuko peke yake na wakili wake."

"Basi tumewazidi," akasema, akawageukia wenzake, wakapiga vuvuzela.

Wengine wangeita polisi. Mimi nilikumbuka stendi. Nikawaambia wazi: hakimu ni mpya, ametoka Pwani, hana timu huku. Akiona jezi anawatoa wote, na wakitoka wote chuo kitakaa peke yake. Tukaanza kuvutana. Ngoma nilikataa. Vuvuzela tukakubaliana zilale dirishani kwa nje, kila mtu akumbuke yake. Aliyepaka uso aende bombani. Zikabaki jezi. Walisema hawavui, na kweli wengine hawakuwa na kitu ndani.

"Zigeuzeni," nikasema. "Ndani nje."

Wakageuza. Wakaingia mahakamani wameonyesha mishono, kama mafundi cherehani wamegoma. Mheshimiwa aliwatazama muda mrefu, akaangalia na mimi, akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Mabenchi yetu yanatosha watu watano watano. Siku ile walibanana tisa kwenye kila benchi, na benchi la Yona lilikuwa na Yona. Wakili wake alikuwa mezani mbele. Nilihesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kijana alikaa katikati ya benchi tupu, mikono imefungana magotini, kucha bado zina weusi wa matairi. Aliponiona namtazama akainuka nusu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa, kaa."

Waliokuwa nyuma yake walitazama ukutani.

Baada ya Yona kueleza yake, chuo kilisema kwamba alirudi kusoma kozi fupi, na aliyecheza msimu ule ni yeye mwenyewe. Kilileta mwalimu wa michezo akasema hivyo. Kilileta mhasibu akasema hivyo. Kila mara wakili wa chuo aliposema jambo lililowapendeza, mashabiki walianza kushangilia, nami nikanyoosha kidole, wakaimeza shangwe. Mheshimiwa alipoahirisha kwa chakula cha mchana, mmoja aliniuliza kama ni mapumziko au ni mwisho wa mechi, na kama dakika za nyongeza zipo.

Shahidi wa tatu wa chuo alikuwa Mama Zuhura mwenyewe. Kwa kuwa ni shahidi, sheria haikumruhusu kuwa ndani wakati wenzake wanatoa ushahidi, asije akasikia waliyosema. Nilimweka kwenye kiti cha veranda tangu asubuhi. Aliumia sana. Kila nilipotoka nje aliniuliza, "Ngapi ngapi?" Nikamwambia siruhusiwi kusema. "Nionyeshe tu kwa vidole," akasema.

Nilipomwita mara tatu aliingia kama anaingia uwanjani. Akala kiapo. Wakili wa chuo akamuuliza kama yeye ni shabiki wa muda mrefu. Akasema tangu Zuhura yuko tumboni, na Zuhura sasa ana watoto. Akamuuliza kama alimwona Yona akicheza fainali. Akasema alimwona.

Kisha akasimama wakili wa Yona, kijana mwembamba mwenye sauti ya upole. Hakuanza na fainali. Alimwomba amweleze Mheshimiwa, ambaye si mtu wa mpira, Yona ni mchezaji wa namna gani. Hapo Mama Zuhura akasahau alipo. Alieleza Yona anavyopokea mpira, anavyoulaza, anavyomwacha beki anatafuta kiatu chake. Mheshimiwa akauliza winga ni nini. Akaelezwa winga, na kona juu yake. Nyuma watu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Nikamtazama Yona. Alikuwa ameinamisha uso.

"Kwa hiyo ni mchezaji mzuri," akasema wakili.

"Mzuri? Mwanangu, hujamwona wewe."

"Na lile goli la fainali alifunga kwa mguu wa kulia, kutoka mbali."

"Ndiyo, lilikuwa la kulia."

"Basi Yona anapiga vizuri sana na mguu wa kulia."

"Aka!" Mama Zuhura alicheka mpaka akashika kizimba. "Yona na kulia wapi na wapi? Yona mguu wa kulia ni wa kupandia ngazi. Yona ni kushoto, kushoto tupu! Asiyejua mpira ndiye atakwambia Yona amefunga na kulia. Lile goli ni la Bajaji Mpya."

Wakili akaweka kalamu chini. "Bajaji Mpya ni nani, mama?"

Mama Zuhura aliwageukia wenzake kwenye mabenchi, na kila mmoja akawa anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akamtazama Yona, na Yona akainua uso, wakatazamana.

"Ni huyo aliyekuja baada yake," akasema taratibu. "Siyo huyu. Huyu tungemjua hata gizani."

Wakili akashukuru, akakaa.

Nimeisikia ikisimuliwa kwamba wakili alikuwa na hila. Mimi nilikuwepo. Alichofanya ni kumwachia mama yule kusifia, na sifa zikamfikisha mahali ambapo asingeweza kudanganya. Angeulizwa habari ya ada au ya kozi fupi, angesema lolote. Lakini kumsingizia Yona mguu ambao si wake, hilo lilimshinda. Shabiki ataficha mamluki msimu mzima bila kupepesa jicho, ila ukikosea kueleza goli mbele yake, ndani ya mahakama, amekwisha kula kiapo, atakusahihisha.

Hukumu ilikwenda kama mnavyojua. Mahakama ikatamka kwamba aliyecheza si Yona, na chuo kikaamriwa kuandika. Chama cha mpira kikamfungulia, na wiki hiyo hiyo kikatuma watu kufuata kombe. Mlinzi yule wa getini aliniambia walilikuta ofisini kwa Mkuu likiwa limewekewa maua ya plastiki. Waliyatoa maua wakayaacha mezani.

Yona hakufanya sherehe. Alikuja ofisini kuchukua nakala yake ya hukumu, akaisoma amesimama pale pale dirishani, akafika kwenye jina lake, akarudia kulisoma. Nilimuuliza kama amefurahi.

"Nimefurahi mzee. Lakini nimepita stendi, hakuna aliyenisalimia."

Nikamwambia watazoea. Sikuwa na uhakika. Mjini walikuwa wamepitisha azimio: jina la kwenye cheti tumemrudishia, ila Bajaji ni jina letu, tulilitoa sisi, tunalichukua. Walianza kumwita "Yule wa Shelui." Mama Zuhura naye walimsema vibaya. Walisema amejifunga, tena goli la mbali. Watu walianza kuiruka meza yake, wakanunua mafuta kwa wengine.

Wakati nahesabu wiki zangu za mwisho kazini, ratiba ikapanga chuo kucheza na Shelui, huko huko Shelui. Nikaenda kama mtu wa kawaida, bila sare, nikalipa kiingilio kama wote. Mashabiki wa chuo walikuja na Fuso limejaa, jezi safari hii zimevaliwa upande wake. Nikasimama karibu na Mama Zuhura. Aliniambia wana mpango, na kwamba ni yeye aliyeubuni, na alisema hivyo kwa sauti ili walio nyuma wasikie. Kila Yona akigusa mpira, wote wanamgeuzia mgongo.

"Mkishageuka mtajuaje kwamba ameuachia?" nikauliza.

Alifikiri. "Tutasikia."

Mpango ulifanya kazi kipindi cha kwanza. Yona akipata mpira, jezi za bluu zote zinageuka kuelekea barabarani, zinatazama malori. Yona aliona. Mara ya kwanza alipoteza mpira, na mara ya pili pia. Wenyeji wakaanza kunung'unika kwamba wameletewa winga wa mahakamani, mguuni hana kitu. Nikaona kijana anakaribia kulipoteza lile alilolipigania, na safari hii hakuna hakimu wa kumpelekea.

Kipindi cha pili akaupata pembeni, upande wetu, karibu kabisa na kamba. Migongo ikageuka. Beki akamjia. Mama Zuhura alikuwa anatazama lori la mchanga kwa bidii kubwa.

"Amempita?" akauliza bila kugeuka.

"Si umegeuza mgongo? Ya nini kuuliza?"

"Nauliza tu, Baba Mahakama. Amempita?"

"Amempita."

"Kwa ndani au kwa nje?"

"Geuka uone."

"Sigeuki."

"Basi sisemi."

Kelele za Shelui zikaanza kupanda. Beki wa pili akamvaa, na Yona akauvuta mpira nyuma mahali padogo kama meza. Nikatupa jicho kwenye ule mstari wa migongo. Shingo zilikuwa zimepinda zote, mpaka ya mlinzi wa jogoo mwekundu. Mama Zuhura alikuwa ameshageuka mzima, mikono kichwani, mdomo wazi, na aliponiona namtazama akanipiga kiwiko cha mbavu.

"Unaniangalia mimi nina nini?" akasema. "Angalia mpira!"